Mfupa Haungoji Mpaka Ufunguliwe

Watoto wa Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania, wa miaka ya sabini tulitambuana kwa mwendo kabla ya kutambuana kwa sura. Barabara ya kwenda Loitokitok ilikuwa ya vumbi, na asubuhi, Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa bado imejifunika wingu, ungemwona mtu kwa mbali ukasema huyo ni fulani, tazama anavyoutupa mguu. Walikuwepo wenye matege. Walikuwepo waliochechemea kwa sababu polio iliwaachia mguu mmoja mwembamba. Na alikuwepo binti wa jirani yetu, dada aliyenitangulia darasa moja, ambaye magoti yake yaligongana kila alipopiga hatua. Sketi yake ya shule haikuchakaa pindoni kama za wenzake. Ilichakaa kwa ndani, pale goti liliposugua goti, na mama yake alikuwa akitia kiraka mahali palepale kila muhula.

Taabu yake kubwa ilikuwa gwaride. Mwalimu wa zamu akipiga kelele, "Mguu sawa!" sisi sote tuligonganisha visigino. Yeye alijaribu, lakini magoti yalikutana kwanza, na vifundo vya miguu vikabaki mbalimbali, katikati ungepitisha ngumi nzima. Mwalimu alidhani ni utundu, au labda alijua si utundu lakini gwaride ni gwaride. Alimwamuru arudie. Akirudia, magoti yalikutana tena na miguu ikabaki vilevile, na mstari mzima ukacheka kwa kubana midomo. Majina aliyopewa nayakumbuka yote, ila sina haja ya kuyaandika.

Watu wazima wa kijiji hawakuwa wakatili. Walikuwa na maelezo yao, na kila mmoja aliyatoa kwa uhakika. Mmoja alisema mtoto alibebwa mgongoni kabla shingo haijakaza. Mwingine alisema alisimamishwa mapema, uzito ukamwelemea. Wapo walionong'ona kuwa kuna mzee aliyekosewa heshima wakati mama yake akiwa mjamzito. Tiba zilikuwa nyingi kama maelezo yenyewe. Koko wake, yaani bibi yake, alimsugua kwa mafuta ya kondoo jioni, akiyavuta magoti nje kwa viganja vyake viwili. Usiku miguu ilifungwa pamoja kwa vipande vya shuka kuukuu, na katikati ya magoti ukawekwa mkunjo wa ngozi ili yaachane. Alilala hivyo miezi mingi. Asubuhi alifunguliwa, akaenda kuteka maji, magoti yakagongana.

Juu ya tiba zote ilikuwepo moja iliyoaminiwa na kila nyumba, nayo ilikuwa maneno mawili tu: "Atanyooka akikua."

Linalonisumbua ni kwamba maneno yale hayakuwa ya uongo. Kwa watoto wengi yalikuwa kweli tupu. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa na magoti ya kugongana akiwa na miaka mitatu, na alipoanza kuchunga mbuzi miguu ilikuwa imenyooka bila mtu kuigusa. Ndivyo mguu wa binadamu unavyokua. Mtoto huzaliwa na matege, kwa kuwa tumboni alikuwa amejikunja. Anapokaribia miaka miwili miguu hunyooka. Kisha haikomei hapo, bali hupita kiasi na kuingia upande wa pili, magoti yakaanza kuelekeana, na kilele chake ni umri wa miaka mitatu hadi minne. Baada ya hapo hurudi polepole yenyewe, na mtoto akifikisha miaka saba au minane miguu huwa imeshika umbo itakalokuwa nalo ukubwani. Hata hilo la ukubwani si nyoofu kama rula, maana mtu mzima wa kawaida ana mwelekeo wa ndani wa nyuzi tano hadi saba hivi. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wameona watoto wa kutosha, wakajua kuwa wengi hupona kwa kuachwa. Walichokosa ni namna ya kumtambua yule mmoja asiyepaswa kuachwa.

Huyo dada alikuwa ndiye. Alipofika miaka minane, ambapo wenzake walikwisha kunyooka, yeye alizidi kupinda. Akiwa na miaka tisa alianza kulalamika maumivu upande wa nje wa goti baada ya kubeba mtungi. Akiwa na kumi alikuwa akitembea kwa kuzungusha mguu mmoja kwa nje ili upate njia ya kumpita mwenzake. Na bado tulisema atanyooka akikua, ingawa alikuwa anakua mbele ya macho yetu na hanyooki.

Hospitali kubwa ya kumsaidia haikuwa mbali sana. Kwa siku isiyo na mawingu tuliuona mlima ambao kwa upande wake wa pili ndiko iliko KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Njia yake ni kuvuka mpaka hapo Tarakea, kushuka Rombo, kupita Himo, unafika. Tarakea tulikuwa na shangazi, tulikuwa na wakwe, ndizi zetu zote zilitoka huko. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, na Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Njia za panya zilikuwepo, na sukari na ndizi zilipita usiku kwa mabega ya vijana. Mgonjwa anayehitaji picha ya eksirei, barua ya rufaa na kitanda cha wiki kadhaa hapiti njia za panya. Dada yule alikuwa na miaka minane mpaka huo ulipofungwa. Ulipofunguliwa alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali, na posa ilikuwa imeletwa na kurudishwa mara ya kwanza kwa sababu ya miguu.

Miaka ile sita na miezi kadhaa ndiyo iliyokuwa na maana katika maisha ya magoti yake. Mguu haurefuki kila mahali kwa usawa. Karibu theluthi mbili za urefu wake hutoka kwenye gegedu la ukuaji lililo juu na chini ya goti, yaani mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa muundi. Upande wa ndani wa gegedu ukikua kuliko wa nje, goti huingia ndani. Basi njia ya kulirudisha ni kuuzuia upande wa ndani kwa muda, wa nje uendelee mpaka ufidie. Hilo halikuwa siri. Daktari Mmarekani Walter Blount aliandika mwaka 1949 jinsi ya kufanya hivyo kwa kupigilia pini za chuma zenye umbo la stepla kwenye gegedu. Ila gegedu lina umri wake. Kwa wasichana hufunga kwenye miaka kumi na minne hivi, kwa wavulana kumi na sita. Likishafunga, hakuna cha kuzuia wala cha kuongoza. Serikali mbili zilipokuwa zikigombana juu ya reli na ndege, gegedu la mtoto wa Illasit lilikuwa likiendelea na ratiba yake.

Upande wetu wa mpaka msaada wa walemavu ulikuwepo, lakini ulituonekania kama wa polio peke yake. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilianza mwaka 1958. Joytown ya Thika, ya Jeshi la Wokovu, ilianza mwaka 1962. Mtoto aliyerudi kutoka huko alirudi na magongo na buti nzito zenye vyuma pembeni, na kijiji kizima kilitoka kumtazama. Vyuma vile vilikuwa vya kuubeba mguu usio na nguvu. Baba yake dada alipoviona aliuliza kama binti yake naye angepata. Akaambiwa binti yake anatembea, anateka maji, anakwenda shule, aende kulalamika nini? Ndivyo kosa lilivyopata stara. Kwa kuwa hakuwa mlemavu vya kutosha, hakuhesabiwa mgonjwa.

Na sababu haikutafutwa. Kijijini tuliangalia magoti, hatukuangalia meno, wala sufuria, wala kisima. Leo ninapopita vituo vya Kajiado nikiona kijana akicheka na meno yake yana mistari ya kahawia, najua ninachokiona. Ni floraidi. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji ya chini katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na kandokando yake yamebeba madini hayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Visima kadhaa vya Kajiado na Kitengela ni vya aina hiyo. Floraidi huanzia kwenye meno yanapoumbika, ndiyo maana rangi ile haitoki hata ukisugua kwa mkaa na chumvi. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, huingia mifupani. Kwa mtoto anayekua, hasa asiyepata maziwa na kalsiamu ya kutosha, mifupa hupinda, wengine wakawa na matege, wengine magoti ya kugongana. Mwaka 1973 madaktari wa India walieleza vijana wenye magoti ya namna hiyo katika vijiji vyenye maji ya floraidi nyingi. Ng'ambo yetu, katika miteremko ya Mlima Meru, kuna mto unaoitwa Maji ya Chai kwa rangi yake, na watoto waliopinda miguu kwa maji ya eneo lile wamejulikana kwa madaktari wa Arusha na Moshi kwa miaka mingi.

Yapo pia magadi. Ziwa Magadi liko Kajiado hiihii, na nyumba nyingi za pande zote mbili za mpaka zimezoea kutupia kipande cha magadi kwenye sufuria ili maharagwe yalainike upesi na kuni zisiishe. Magadi mengi yana floraidi tele. Mama aliyeokoa kuni hakujua kuwa kuna kingine anachokilipa.

Dawa ya maji hayo inajulikana, na kwa mfugaji ina ladha ya kejeli. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru walitengeneza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, hupondwa, na maji yakipita katikati yake, floraidi hunaswa. Sisi tuliokulia kando ya marundo ya mifupa, tuliowaona ng'ombe wakifa kwa mamia mwaka 1984 na tena mwaka 2009, tulikuwa tumekalia dawa. Kuchemsha maji hakusaidii, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki, na yanayobaki huwa makali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni salama kuliko kisima cha bei ghali usichojua kimepimwa lini.

Siku hizi ninaishi Kitengela. Nilipopaona mara ya kwanza palikuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyumbu walipita nyuma ya maduka wakielekea mbuga ya Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000. Maji ya chemchemi ya Nolturesh, yanayozaliwa chini ya mlima karibu na kwetu, yalivutwa kwa bomba hadi huku na hadi Machakos, lakini mfereji hutoa maji siku unayotaka wenyewe, na siku nyingine zote tunanunua ya kisima kwa bauza, lori la maji. Bauza haina karatasi ya kipimo. Ina rangi ya buluu na maneno "maji safi".

Hapa magoti ya watoto yamepata wasimamizi wapya. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ana mtoto wa miaka mitatu na nusu. Siku moja alimpiga picha akiwa amesimama mbele ya mlango, akaiona picha, akashtuka kuwa magoti yanaelekeana. Jioni ileile simu yake ilikuwa imeshamletea mikanda ya kufunga miguu usiku, soli za silikoni za kunyanyua kisigino, na viatu vya ngozi ngumu vinavyopanda hadi juu ya kifundo. Alinunua vyote vitatu. Mtoto alilia usiku kucha katika mikanda, nami nikasikia kupitia ukutani. Ile mikanda ilikuwa na velkro na maandishi ya Kichina. Vipande vya shuka vya koko havikuwa na maandishi, ila kazi yao ilikuwa moja na matokeo ni yaleyale.

Daktari aliyemwona mtoto baadaye alimwambia jirani mambo ambayo kila mzazi angepaswa kuyapata bure kliniki. Mikanda, soli na buti havinyooshi goti la umri huo, kwa kuwa litanyooka lenyewe, na likiwa la kutonyooka basi havitalinyoosha. Mtoto kukaa chini miguu ikiwa imekunjwa nyuma pande zote mbili hakumpindishi, wala kubebwa mgongoni. Kinachotakiwa ni kumtazama kwa utaratibu. Asimamishwe bila viatu, magoti yagusane kidogo tu yakitazama mbele, kisha ipimwe nafasi kati ya vifundo vya ndani vya miguu. Apigwe picha mahali palepale kila baada ya miezi sita. Nafasi ikipungua, mshukuru Mungu na uendelee na kazi zako.

Na alimwambia vilevile lini asisubiri. Mguu mmoja umepinda na mwenzake umenyooka. Goti linauma au mtoto anachechemea. Mtoto ni mfupi kuliko wenzake bila sababu ya ukoo. Kulikuwa na ajali, au goti liliwahi kuvimba kwa usaha. Vifundo vya mikono vimenenepa. Miguu inazidi kupinda baada ya miaka saba, au nafasi kati ya vifundo imepita sentimita nane hivi, yaani upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Hapo ni eksirei ya mguu mzima kuanzia nyonga hadi kifundo, mtoto akiwa amesimama, na kipimo cha damu cha kalsiamu, fosfeti na vitamini D.

Kipimo hicho cha damu kina sababu yake Kitengela. Sisi tulikulia juani. Tulipata jua mpaka likatuchosha, na kabla ya ukame maziwa yalikuwa chakula chetu cha asubuhi na cha jioni. Mtoto wa ghorofa huamka na taa, hucheza koridoni, hufungiwa na dada wa kazi mpaka mama arudi kutoka mjini, na uji wake ni wa unga na maji. Ugonjwa wa matege, unaoletwa na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, madaktari wa watoto wa Nairobi bado wanaukuta, katika nchi ambayo jua halijawahi kuadimika. Huu nao unaweza kugeuza magoti kwa nje au kwa ndani. Lakini ukikamatwa mapema, vitamini D na kalsiamu kwa miezi kadhaa huiimarisha mifupa na mara nyingi huinyoosha bila kisu. Ukimkata mtoto kabla ya kutibu chanzo chake, atapinda tena.

Hata anayehitaji kisu leo ana bahati ambayo mwaka 1980 haikuwepo Loitokitok. Stepla za Blount zimeachia nafasi bamba dogo la chuma lenye umbo la nane, refu kama kiungo cha kidole, lenye skrubu mbili. Hufungwa upande wa ndani wa goti, skrubu moja juu ya gegedu na nyingine chini yake. Jeraha lake ni la sentimita chache. Mtoto hutembea baada ya siku chache, hurudi shule, na mfupa wenyewe hufanya kazi ya kunyooka kwa mwaka mmoja hivi, kadiri anavyokua. Ukifika mahali pake, bamba hutolewa. Likisahauliwa, goti huendelea hadi upande wa pili, kwa hiyo mzazi anayekwepa miadi ya kliniki huharibu kazi njema. Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, hospitali ya watoto ya AIC-CURE imekuwa ikifanya upasuaji wa viungo tangu mwaka 1998. KCMC ipo ng'ambo, na Arusha kuna Plaster House, iliyoanza mwaka 2008, ambapo watoto hukaa wakipona baada ya upasuaji, wakiwemo waliopindishwa na floraidi. Gharama bado ni mlima. Bima ya afya ya NHIF imetupisha, SHA iliingia Oktoba 2024, na harambee ya mguu wa mtoto bado inapita kwenye simu zetu kila mwezi. Lakini mlango upo, na mpaka uko wazi. Bodaboda inakuvusha Tarakea kabla chai haijapoa.

Zamani na sasa tumebadilisha kila kitu isipokuwa kosa. Wahenga walituachia kauli mbili zinazovutana, subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni za kweli kwa magoti, ila kila moja ina umri wake. Ya kwanza ni ya mtoto wa miaka mitatu. Ya pili ni ya mtoto wa miaka kumi. Illasit ya zamani iliisoma ya kwanza kwa kila mtoto, na yule aliyehitaji ya pili akapotelea humo. Kitengela ya leo inaharakisha kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye afya yake, inamaliza pesa na uvumilivu kwenye velkro, kisha akifika kumi na hajanyooka, wazazi wamekwisha kuchoka na kusema tulijaribu kila kitu. Pande zote mbili tunatumia umri vibaya, na huo ndio uliokuwa dawa.

Mwaka jana nilikwenda Illasit kwa mazishi ya mjomba. Lami imefika, maduka yamejaa, na malori ya vitunguu na nyanya yamefunga njia. Dada nilimkuta kwenye kibanda chake, amekaa juu ya kreti la soda, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu kuikunja kunauma. Anauza vitunguu kwa jumla, ana watoto wanne waliosoma, na ulimi wake ni mkali kuliko nilivyoukumbuka. Alifika hospitali hatimaye, akiwa na miaka arubaini na ushei, akaonyeshwa eksirei. Upande wa ndani wa goti, gegedu limesalia vizuri. La upande wa nje limesagika, mfupa unagusa mfupa, kwa kuwa ndiko uzito wote ulikokwenda maisha yake yote. Kwa mtu mzima mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga na paja, na kupunguza uzito, hupunguza maumivu lakini hayanyooshi mfupa. Angefika mapema zaidi, mfupa wa paja ungekatwa karibu na goti, ukapangwa upya na kufungwa kwa bamba, naye angetembea kwa magongo miezi kadhaa akapona. Sasa kilichobaki ni goti bandia.

"Waliniuliza, mama, mbona ulichelewa?" aliniambia, akicheka na kuchambua vitunguu vilivyooza. "Nikawaambia waulizeni Nyerere na Kenyatta."

Nilimuuliza kama atakubali goti bandia. Alisema anasubiri bei ya vitunguu ipande, na kwamba daktari amemwambia asisubiri sana. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza nyuma ya magunia. Mtoto wa miaka minne, pekupeku, magoti yake yanaelekeana waziwazi. Mteja mmoja, mama wa makamo, alimtazama akasema afungwe miguu usiku, yupo mtu anauza mikanda sokoni Kimana.

Dada hakumjibu. Alimsimamisha mtoto juu ya gunia lililokunjwa, akayagusanisha magoti, akaingiza vidole vyake kati ya vifundo vya miguu. Vikaingia viwili na nusu, akanionyesha.

"Huyu hafungwi," alisema. "Aachwe ale, anywe maziwa, acheze juani. Akifika gredi ya pili na vidole vinne vinaingia, siulizi mtu. Tunapanda gari." Halafu akamgeukia yule mteja, akamwambia kilo tano ni kilo tano, asimpunguzie bei kwa ushauri.